Nilivyochagua shokapu za pikapu yangu baada ya kuishusha

Pikapu yangu imeshushwa inchi 2 mbele na inchi 3 nyuma. Kwa wapenzi wa magari ya kulala chini, huko ni kushusha kwa adabu tu, na mtu asiye na jicho la magari anaweza kuipita asigundue chochote. Ndivyo nilivyotaka. Pikapu ikitoka kiwandani huwa imeinua mkia, maana walioiunda walifikiria siku ya mzigo: ukiijaza, nyuma inashuka na gari linakaa sawa. Mimi napakia mara chache, kwa hiyo siku nyingi nilikuwa naendesha gari lililoinamisha pua. Ndiyo sababu nyuma imeshuka kuliko mbele. Sasa imekaa mlalo, na kila nikiitazama kwa ubavu naridhika kabisa na uamuzi ule.

Kilichonisumbua ni shokapu, na ndizo ninazotaka kuzieleza kwa kirefu, kwa sababu nimeona watu wengi wakinunua springi kwa makini halafu shokapu wakaziacha ziamuliwe na muuzaji.

Kazi ilifanyika gereji. Nyuma walitoa springi za mabamba za awali wakafunga nyingine zenye mkunjo mdogo. Mbele walibadilisha spindo, yaani kile kipande kinachobeba habu ya gurudumu, wakaweka spindo ambayo habu yake imepandishwa inchi 2. Kisha wakakata nusu ya zile raba zinazokaa chini ya chesisi, ambazo ekseli huzigonga gari linapobonyea hadi mwisho, ili ekseli ipate nafasi. Shokapu walizirudisha zilezile za kiwandani. Nilipouliza, jibu lilikuwa fupi: "Inchi tatu tu, kaka. Shokapu hizi zinatosha, wala usipoteze hela."

Barabara laini gari lilikwenda vizuri sana. Kwenye tuta au kiraka kilichopanda kidogo, nyuma ilitoa kishindo kikavu, chuma kwa chuma, na kiti kikanirushia mgongo. Hilo ningeweza kulivumilia. Lililonitia hofu ni kona. Ukiingia kona kwa mwendo wa kawaida tu, na katikati yake kuna makunyanzi ya lami, mkia ulikuwa unaruka pembeni kwa ghafla, kama hatua nzima, kabla ya kutulia. Mara ya kwanza nilidhani nimekanyaga mafuta barabarani. Mama yangu, ambaye mgongo wake si mzima, aliniambia siku moja kwa upole, "Mwanangu, niteremshe hapa, nitamalizia kwa miguu." Siku hiyo niliamua kulishughulikia hadi mwisho.

Ushauri nilioupata ulikuwa mwingi na kila mmoja una mantiki yake. Punguza upepo wa tairi. Toa bamba moja la springi. Funga shokapu ngumu, hizo za kiwandani ni laini mno kwa gari lililoshushwa. Hiyo ya mwisho niliisikia kuliko zote, na bado naisikia. Aliyenisaidia kweli ni fundi mzee mstaafu, jirani wa rafiki yangu. Hakupendekeza kitu chochote. Aliingia chini ya gari na tochi, akakaa humo kwa muda, kisha akaniita niingie nione.

Kwenye shokapu ya kulia ya nyuma, ule mfuniko wa plastiki unaokinga fimbo ulikuwa umepasuka ukingoni. Fimbo yenyewe kwa kawaida huwa na mpaka: sehemu inayoingia ndani kila siku inang'aa, na ile ya juu isiyofikiwa hubaki na utando wa vumbi na mafuta. Ya kwangu iling'aa yote, hadi kwenye mshono wa jicho la juu, yaani ile pete ambayo bolti hupita. Chini, kibati kilichoshika bolti ya shokapu kilikuwa kimeanza kupinda, na rangi imebanduka kwenye ukingo wa weldi. Mzee akaniambia, "Raba yako haigongwi. Kinachogongwa ni shokapu."

Hapo ndipo nilipoelewa kishindo kilitoka wapi. Shokapu haibebi uzito wa gari. Uzito unabebwa na springi. Kazi ya shokapu ni kutuliza mwendo wa springi, na inaifanya kwa kulazimisha oili ipite kwenye vitundu na valvu vya pistoni, ule mwendo ukageuka joto. Haikuundwa iwe kituo cha mwisho. Kituo cha mwisho ni ile raba. Fimbo ikifika chini kabisa kabla raba haijaguswa, tani nzima ya gari inatua juu ya valvu ndogo zilizo mwisho wa fimbo, na wakati huohuo gurudumu hilo halina tena springi wala kitu kingine cha kunyonya pigo. Ndiyo maana mkia uliruka pembeni kwenye kona: kwa sekunde moja upande wa nje wa gari ulikuwa umesimama juu ya nguzo ya chuma.

Gereji haikukosea kukata raba. Gari likishuka inchi 3, nafasi kati ya ekseli na raba inapungua inchi 3 vilevile, na bila kufupisha raba gari lingekuwa linagonga kila tuta. Lakini raba ilipofupishwa, ekseli ilipewa ruhusa ya kupanda juu kuliko mwanzo, na shokapu haikuulizwa kama inaweza kufuata. Mambo haya mawili hayatenganishiki. Ukigusa raba, lazima upime shokapu.

Basi tukapima. Hapa nitaeleza taratibu, kwa sababu hii ndiyo kazi ambayo ingeniokolea shokapu mbili na kibati kimoja, na haihitaji kifaa zaidi ya futi ya kupimia, jeki na stendi imara za kulizuia gari.

Kipimo cha kwanza: gari likiwa limesimama chini kwa magurudumu yake, kwenye sakafu iliyo sawa, pima kutoka katikati ya bolti ya juu ya shokapu hadi katikati ya bolti ya chini. Kwangu nyuma ilikuwa inchi 16 na nusu. Kabla ya kushusha ilikuwa 19 na robo. Nilikuwa na bahati ya kupima pikapu nyingine ya aina ileile ambayo haijaguswa. Kipimo cha pili, gari likiwa katika hali hiyohiyo: nafasi kati ya raba na pale itakapogonga. Kwangu zilikuwa inchi 2 na robo tatu. Kisha inua gari kwa chesisi, weka stendi, ekseli ining'inie kadiri springi zinavyoiruhusu, shokapu zikiwa zimetolewa. Pima tena vyote viwili. Nilipata inchi 19 na robo tatu kati ya bolti, na 6 na robo kwenye raba.

Wengi watakuambia uinue ekseli kwa jeki hadi iguse raba ndipo upime. Kwa pikapu tupu yenye springi za mabamba hilo halifanyiki. Ukipandisha jeki chini ya ekseli, gari lote linainuka nalo, springi hazijabonyea hata kidogo. Usihangaike. Hesabu inatosha. Kati ya kusimama na kuning'inia, ekseli yangu ilisogea inchi 3 na nusu, shokapu ikasogea 3 na robo, kwa sababu imefungwa kwa kuinama. Kila inchi ya ekseli ni kama 0.93 ya shokapu. Nafasi ya inchi 2 na robo tatu hadi kwenye raba, kwa shokapu ni kama 2 na nusu na ushee. Toa hiyo kwenye 16 na nusu, unapata kama inchi 14 pale raba inapoguswa kwa mara ya kwanza.

Shokapu yangu ya kiwandani, ikifungwa kabisa, yaani fimbo ikisukumwa ndani hadi mwisho, ilikuwa na urefu wa inchi 14 na robo.

Tulitazamana tu na mzee. Robo inchi hiyo ndiyo iliyokuwa inatoa kishindo chote kile. Na kwa kweli pengo ni kubwa zaidi, kwa sababu raba ikiguswa haikomi hapohapo. Inabonyea, na iliyokatwa yangu yenye inchi 1 na robo inaweza kubonyea nusu ya kimo chake. Maana yake shokapu ninayoihitaji lazima iweze kufunga hadi chini ya 13 na nusu, na ukiweka akiba kidogo, isizidi 13. Upande wa pili, ikifunguka lazima ifike zaidi ya 19 na robo tatu, vinginevyo ekseli ikining'inia, uzito wake wote utakuwa unavuta nati ya pistoni na sili, yaani kile kizibo kinachozuia oili isivuje pale fimbo inapotokea. Nikaandika kwenye karatasi: kufunga 13 au chini ya hapo, kufunguka 20 na robo au zaidi. Hayo ndiyo niliyokwenda nayo sokoni, kabla ya jina la kampuni, kabla ya rangi, kabla ya neno "ngumu" au "laini".

Pima pande zote mbili. Pikapu nyingi zina shokapu moja iliyofungwa mbele ya ekseli na nyingine nyuma yake, makusudi, ili kuizuia ekseli isijizungushe na kurukaruka unapokanyaga mafuta kwa nguvu. Pembe zake si lazima zifanane, na usishangae ukikuta tofauti ya sehemu ya inchi kati ya kulia na kushoto.

Kuhusu kuinama huko kuna jambo ambalo halisemwi sana. Gari likishuka, bolti ya chini inapanda, lakini umbali wa kulala kati ya bolti mbili unabaki palepale, kwa hiyo shokapu inazidi kulala. Yangu ilitoka kama nyuzi 19 ikafika kama nyuzi 22 kutoka wima. Nguvu ya kutuliza inayofika kwenye ekseli hupungua haraka kuliko unavyodhani, kwa sababu pembe inakula mara mbili: mara ya kwanza kwenye mwendo, mara ya pili kwenye nguvu. Kwa nyuzi 19 unabaki na karibu asilimia 90 ya kazi ya shokapu, kwa 22 kama 86, kwa 30 asilimia 75, na kwa 45 nusu tu. Kushusha kidogo kama kwangu hakuumizi sana. Lakini ukiwa na gari ambalo shokapu zake tangu kiwandani zimelala nyuzi 35 au 40, hilo lizingatie kabla ya kulalamika kwamba shokapu mpya hazina nguvu.

Ipo njia nyingine ambayo nilitamani sana: kuhamisha bolti ya juu kwa kufunga kibati kipya juu zaidi kwenye chesisi. Ukipandisha inchi 3, umerudisha urefu, pembe na mwendo wote wa kiwandani, na unaweza kutumia shokapu yoyote ya kawaida. Kwa maoni yangu ndilo suluhisho safi kuliko yote. Kwenye gari langu sakafu ya bodi iko karibu mno na chesisi, jicho la shokapu lingegusa bati. Kama kwako nafasi ipo na una mchomeleaji unayemwamini, anza na hilo.

Mbele mambo ni tofauti kabisa, na muuzaji wa kwanza niliyemwendea hakutaka kulisikia. Alikuwa na seti ya shokapu nne fupi, "za gari lililoshushwa", akasisitiza ninunue zote. Lakini mbele kwangu imeshushwa kwa spindo. Spindo inapandisha habu. Amu za juu na za chini, yaani mikono inayounganisha spindo na chesisi, zinabaki katika pembe zilezile, na shokapu imefungwa kwenye amu. Kwake hakuna kilichobadilika. Urefu wa kiwandani ndio sahihi, na shokapu fupi pale ingefunguka hadi mwisho kila gurudumu linaposhuka shimoni, ikigonga ndani kwa juu badala ya chini. Kama ungekuwa umeshusha mbele kwa springi fupi za koili, au kwa kulegeza toshoni baa (fimbo ya chuma inayojinyonga badala ya springi), basi ndiyo, amu zimepanda, na hapo unahitaji kupima na pengine kufupisha. Swali la kumuuliza kila anayekuuzia shokapu za pikapu iliyoshushwa ni hili: umeshushaje? Asipouliza yeye, mwambie wewe. Akikuambia haina tofauti, ondoka.

Baada ya urefu ndipo nikaanza kutazama aina. Kimsingi ziko mbili. Ya tyubu mbili ina silinda ndani ya silinda, na oili inahama kati yake. Nyingi siku hizi zina gesi ya naitrojeni ya shinikizo dogo ili oili isitoe povu. Ya tyubu moja ina silinda moja pana, pistoni kubwa, na chumba cha gesi ya shinikizo kubwa kilichotengwa na oili kwa pistoni ya pili inayoelea. Bilstein waliingiza shokapu za tyubu moja kwenye magari ya Mercedes-Benz mwaka 1957, na tangu hapo sifa zake hazijabadilika: hupoa haraka, hazichoki kwenye barabara mbovu ndefu, na hujibu mtikisiko mdogo bila kuchelewa. Kwa sifa hizo tu ningezichukua.

Lakini kwa gari lililoshushwa kuna la kuangalia. Chumba cha gesi na ile pistoni inayoelea vinakula urefu. Ukichukua shokapu mbili zinazofunga hadi inchi 13, ya tyubu mbili kwa kawaida itakupa mwendo mrefu zaidi wa fimbo, na mimi nilihitaji mwendo wa zaidi ya inchi 7 ndani ya nafasi hiyo finyu. La pili ni kwamba gesi inasukuma fimbo nje muda wote. Fimbo ya milimita 14 kwenye shinikizo la pauni 360 kwa inchi ya mraba inasukuma karibu kilo 39. Kwa shokapu mbili za nyuma hizo ni karibu kilo 78 zinazoinua mkia wa pikapu tupu. Kwenye gari la springi laini utapoteza sehemu ya inchi uliyolipia kushusha. La tatu ni la barabarani: jiwe likibonyeza ukuta wa shokapu ya tyubu moja, pistoni inakwama au inachanika, maana inatembea moja kwa moja kwenye ukuta huo. Ya tyubu mbili huvumilia kibonyeo kidogo kwenye ganda la nje.

Nilichukua tyubu mbili zenye gesi kwa nyuma, kutoka kwa kampuni inayotengeneza mahsusi kwa magari yaliyoshushwa. Zinafunga hadi inchi 12 na robo tatu, zinafunguka hadi 20 na nusu. Gari likisimama fimbo iko karibu katikati, imebakiwa na inchi 3 na robo tatu kwenda ndani na 4 kwenda nje. Hiyo ndiyo hali ninayoipendekeza: kama nusu ya mwendo kila upande, na usikubali chini ya theluthi moja upande wowote. Mbele nilichukua za urefu wa kiwandani, kampuni ileile, ili ukali wake usitofautiane sana na wa nyuma.

Sasa ugumu. Nilipata bahati ya kuendesha pikapu ya rafiki, iliyoshushwa kama yangu, yenye shokapu ngumu sana za nyuma. Barabara laini ilikuwa raha tupu, imetulia, haiinami kona. Kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi, nyuma tupu ilikuwa haigusi ardhi vizuri. Unasikia tairi zinachechemea, na breki zikikanyagwa hapo gari linateleza mbele kidogo. Bodi tupu ni nyepesi. Springi zimeundwa kubeba mzigo, na mabamba yake yakisuguana yenyewe kwa yenyewe tayari yanatuliza kiasi. Ukiongeza shokapu kali kwenye kubana, gurudumu linashindwa kupanda juu ya tuta dogo na badala yake linainua gari zima. Kinachohitaji nguvu zaidi baada ya kufunga springi ngumu zaidi ni upande wa kurudi, pale springi iliyobonyea inapotaka kujirusha. Kwa hiyo usiulize tu kama shokapu ni ngumu. Uliza ni ngumu wapi, kwenye kubana au kwenye kurudi. Kama mfuko unaruhusu, zile za kurekebisha kwa kitufe zina thamani yake hapa, hasa kama siku nyingine unabeba mzigo na siku nyingine huna.

Kwa gharama nitasema hivi. Shokapu mbili sahihi za nyuma zilikuwa rahisi kuliko springi nilizonunua. Nilicholipa bila sababu ni ufundi mara mbili, kuchomelea upya kile kibati, na shokapu za zamani ambazo zingeweza kuuzwa lakini moja ilikuwa tayari inavuja. Soma pia masharti ya dhamana kabla ya kufunga: niliyopewa yaliandika wazi kwamba shokapu iliyogonga ndani kwa sababu ya kimo kisicho sahihi haifidiwi, na fundi wao akiifungua ataona.

Kwenye kufunga kuna mambo machache ambayo nimeona yakipuuzwa. Shokapu ya tyubu mbili ikikaa dukani kwa kulala, hewa huingia upande wa pistoni. Isimamishe wima, ivute na kuibana polepole mara kadhaa hadi uhisi inashika sawasawa tangu mwanzo wa mwendo, kisha uifunge kwenye gari bila kuipindua. Kwa shokapu ambayo juu ina shina na nati badala ya jicho, kaza hadi raba ya hapo itanuke kufikia ukingo wa washa, uishie hapo. Ukiendelea kukaza, raba inapasuka na utasikia kugongagonga baada ya muda mfupi. Bolti zinazopita kwenye bushi, yaani raba iliyo ndani ya jicho la shokapu, zikaze kabisa baada ya gari kurudi chini kwa magurudumu, bushi ikiwa kwenye mkao wake wa kila siku. Ukizikaza ekseli ikiwa inaning'inia, bushi inaishi imejinyonga. Angalia hosi ya breki na bomba la ekzosi havigusi shokapu ekseli inapopanda na kushuka. Na zungusha tai ndogo ya plastiki kwenye fimbo, isukume hadi kwenye sili. Kila ukirudi safarini, itakuonyesha fimbo imeingia hadi wapi. Nilipakia mifuko ya mchanga, nikapita njia yangu mbaya kuliko zote, nikakuta tai imebakisha zaidi ya nusu inchi kabla ya mwisho, na raba ina alama mpya ya kuguswa. Nilifurahi kuiona ile alama kuliko kitu kingine chochote kwenye gari lile.

Usipime shokapu za nyuma kwa kukandamiza bampa na kuhesabu miruko. Msuguano wa mabamba huficha mengi. Shokapu iliyokufa kabisa inaweza kufaulu jaribio hilo. Tazama fimbo, tazama sili. Unyevunyevu mwembamba wa oili kwenye sili ni wa kawaida. Matone yanayofuata mwili wa shokapu hadi chini si ya kawaida.

Mambo mawili ya pembeni, lakini ni ya usalama. Pikapu nyingi zina valvu ya breki za nyuma inayopima mzigo kwa mkono mdogo uliofungwa kati ya chesisi na ekseli. Ukishusha nyuma, valvu inadhani umepakia, inapeleka nguvu nyingi kwenye breki za nyuma, na gari tupu linafunga magurudumu ya nyuma mapema kwenye lami yenye maji. Mkono huo lazima urekebishwe. Nami nililaumu shokapu kwa utelezi ambao kumbe ulitoka huko. La pili, ukishusha nyuma kuliko mbele, taa zinaangalia juu kidogo; zishushe kabla hujawapofusha wanaokuja. Alaimenti naamini utafanya bila kuambiwa, maana tairi za mbele zitakudai.

Kuhusu mzigo: shokapu mpya hazikuongeza hata kilo moja ya uwezo wa kubeba. Nafasi yangu hadi kwenye raba bado ni inchi 2 na robo tatu, na mzigo mzito huimaliza kabla sijatoka getini. Ninapobeba vitu vizito natumia puto za hewa zilizofungwa juu ya ekseli, najaza hadi gari lirudi kwenye kile kimo cha inchi 16 na nusu kati ya bolti, ndipo naondoka. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia kwa macho na futi, na nimekiandika kwa kalamu ya chuma ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta, pamoja na 13 na 20 na robo, ili yeyote atakayelishika gari hili baada yangu asianze kwa kubahatisha.